Zaka kwa Waliosombewa Mashamba na Mafuriko

Tangu mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024 tunaulizwa: je, zaka inafaa kwa waliosombewa mashamba?

Inafaa. Aliyepoteza mazao akabaki hana cha kumtosha ni fakiri au maskini. Aliyekopa ili alime akashindwa kulipa naye yumo katika aina nane za Suratut-Tawba, aya ya 60. Ama mpunga uliosombwa kabla ya kuvunwa, hauna zaka.

Ila zaka akabidhiwe mwenyewe. Mafuta ya gari na chakula cha wanaojitolea vitoke kwenye sadaka. Wallahu a'lam.

Na wanaokwenda kusaidia wasibebe unga tu. Maji yakishuka bonde hubaki na unyevu, ndio wakati wa kilimo cha mlau. Ardhi ikikauka, wakati umepita. Mbegu na majembe visichelewe.