Kufunga Mzigo Juu ya Baiskeli

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kunena habari ya kazi ambayo wengi huiona ndogo, nayo ni kufunga mzigo juu ya baiskeli. Mrina asali atokaye porini na madumu yake, au mkulima apelekaye gunia la mpunga Tabora mjini, huwa amebeba pato la miezi mingi juu ya magurudumu mawili. Kamba ikilegea njiani, asali humwagika mchangani, na mwenyewe aweza kuvunjika mguu.

Watu wa Unyamwezi ni mabingwa wa mizigo tangu zamani. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, bidhaa nyingi kati ya Bagamoyo na Ujiji zilipita mabegani na vichwani mwa wapagazi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kadiri ya ratili 60 au 70, yaani kilo 27 hadi 32. Nguo zilikunjwa, zikapigwa na kukazwa hata zikawa ngumu kama gogo, kisha zikavikwa makanda; huo ndio mtumba. Mara nyingi ulifungiwa ubavuni vijiti virefu vyenye panda, ili mpagazi auegemeze mtini apumzike, asiutue chini na kuuinua tena. Katika kazi yao twapata mafundisho matatu.

Kwanza, mzigo uwe sawa pande zote. Mpagazi aliyechukua mzegazega alihakikisha ya kuwa ncha mbili za mti zina uzito mmoja. Vivyo hivyo madumu mawili yaning'inizwe kushoto na kulia kwa keria, yakiwa yamejaa sawasawa. Kitu kizito kikae chini, chepesi juu yake. Tena kisisogee nyuma kupita kitovu cha gurudumu la nyuma, kwani hapo gurudumu la mbele huwa jepesi, na usukani haumtii mwenyewe, hasa akipanda mlima.

Pili, mzigo ukazwe hata uwe kitu kimoja na baiskeli. Gunia likitikiswa njiani, punje hushuka na kujipanga, na unene wake hupungua. Ndipo kamba ya katani iliyokuwa imekaza huanza kulegea. Kwa sababu hiyo wachukuzi hupenda mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu. Mpira huvutwa wakati wa kufunga, na gunia likipungua, nao hujikunja na kulifuata. Afungaye apitishe mpira msalaba, mara mbili au zaidi, na kuushika katika vyuma vya keria. Ncha zote zichomekwe ndani, isibaki hata moja ikining'inia. Ncha ikiingia katika spoki au mnyororo, gurudumu hukwama ghafula, na mtu huanguka pamoja na mali yake. Tena baada ya mwendo mfupi yafaa kushuka na kuutikisa mzigo kwa mkono, maana kosa hugunduliwa vizuri zaidi baiskeli ikiwa imesimama.

Tatu, fikiri mapema namna ya kupumzika na ya kusimama. Baiskeli yenye mzigo mkubwa haiwezi kulazwa chini, kwani mtu mmoja hataweza kuiinua. Mchukuzi mwenye busara hufunga pamoja na mzigo fimbo yenye panda, akaitegemeza baiskeli kwayo, kama vile babu zake walivyoegemeza mtumba mtini. Katika mteremko asikae juu ya baiskeli, bali ashuke na kuikokota, akiwa ameshika breki. Uzito ukishapata mbio, breki haiwezi kuuzuia upesi.

Neno letu la mwisho twawapa wenye motokaa. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye gari hupiga honi, akidhani mtu wa baiskeli atakwepa upesi. Lakini mwenye magunia hawezi kukwepa upesi. Akigeuza usukani ghafula, mzigo humwangusha. Basi dereva apunguze mwendo na kumwachia nafasi, ili yule mkulima afike sokoni salama na mavuno yake yote.