UZI: Je, vijana wa Kenya wameacha kanisa? Tutenganishe mambo kabla ya kugombana

1/ Kila mwanasiasa akipewa maikrofoni kanisani, huku mtandaoni hugawanyika kambi mbili. Ya kwanza: "Vijana wameasi dini, ni Marekani hiyo imewaharibu." Ya pili: "Kanisa limekwisha, hakuna anayeliamini tena." Kambi zote mbili zimechanganya mambo. Kaeni kitako tulifungue hili fundo taratibu.

2/ Sheria ya nyuzi zangu ni ile ile: sitaji mwanasiasa wala chama. Ukija kwa maoni na jina la mtu wako, nitakupita tu kama matatu iliyojaa. Mimi nasomea sayansi ya siasa, nakaa Mkomani, mtaa ambao jirani mmoja yuko kwaya na wa pili yuko madrasa. Kwa hivyo hili si jambo la Wakristo peke yao. Kanisa likiyumba kwenye siasa, sote tunatikisika.

3/ Kwanza maneno. Ukisema "watu wameacha kanisa" unaweza kumaanisha mambo manne tofauti:
- wameacha kumwamini Mungu
- wameacha kwenda ibadani au kuwa washirika
- wameacha kuwaamini viongozi wa kanisa
- wameacha kufuata kauli ya kanisa kwenye kura
Mtu anaweza kuacha moja akabaki na tatu. Mijadala mingi inaharibika hapa: huyu anaongea la kwanza, yule anamjibu la tatu.

4/ Sasa Marekani, maana ndiyo inayotajwa tajwa. Kulingana na Pew, waliojiita Wakristo mwaka 2007 walikuwa asilimia 78. Kwenye utafiti wa 2023-24 wamebaki asilimia 62. Wasio na dini wametoka 16 hadi 29. Gallup nao waligundua kuwa mwaka 2020, kwa mara ya kwanza tangu waanze kupima, walio washirika wa kanisa, sinagogi au msikiti walishuka chini ya nusu: asilimia 47. Mwaka 1999 walikuwa 70.

5/ Ila kabla hujashangilia au kulia: Pew hao hao wanasema miaka ya karibuni kushuka huko kumepungua kasi, kama kumesimama. Na wengi wa "wasio na dini" si kwamba wanakana Mungu. Wengi bado wanaamini kuna nguvu fulani juu yetu. Hawataki tu jina la dhehebu lolote.

6/ Kwa nini walitoka? Sababu ni nyingi, lakini moja inatuhusu sana. Mwaka 2002 wanasosholojia wawili, Michael Hout na Claude Fischer, walitoa hoja hii: kanisa lilipoonekana kama mali ya upande mmoja wa siasa, watu wa upande wa pili ambao uhusiano wao na kanisa tayari ulikuwa legelege waliamua kuacha jina la dini. Hawakubadilisha siasa zao ili zilingane na kanisa. Waliacha kanisa ili libaki na siasa zake.

7/ Hiyo ni hoja nzito, isome tena. Tumezoea kufikiri dini ndiyo inayoamua kura. Hawa wanasema inaweza kuwa kinyume: kura ikaamua dini. Mchungaji akishika bendera ya upande mmoja, anadhani anawavuta watu kwenye upande huo, kumbe anawasukuma wengine watoke mlangoni.

8/ Haya, turudi nyumbani. Sensa ya 2009 ilihesabu Wakenya 922,128 wasio na dini. Ya 2019 ikahesabu 755,750. Yaani nchi imeongezeka watu, wasio na dini wamepungua. Wakristo wa madhehebu yote kwa pamoja ni zaidi ya asilimia 80, Waislamu karibu 11. Kwa takwimu hizi, mtu akikuambia "Kenya inafuata Marekani" muulize ameyatoa wapi.

9/ Tahadhari moja: kwenye sensa, mara nyingi mtu mmoja ndiye hujibu kwa niaba ya nyumba nzima. Mama akiulizwa dini ya kijana wake aliyelala chumbani Jumapili, atasema nini? Atasema "Mkristo", na karani ataandika hivyo. Kwa hivyo sensa inatuonyesha jina la dini, haituonyeshi moyo wala mahudhurio. Lakini hata jina lina maana. Huku kwetu kanisa ndilo linalozika, linaloozesha, linalochangia hospitali. Kulihama kabisa ni kuhama na jamaa zako.

10/ Basi kama imani ipo, ni nini kilichobadilika? Kilichobadilika ni namba 3 na namba 4 pale juu: kuwaamini viongozi, na kufuata kauli yao ya siasa. Ili uone umbali tuliotoka, lazima turudi miaka ya themanini na tisini.

11/ Wakati wa chama kimoja, magazeti yakiogopa na upinzani ukiwa umefungwa, mimbari ilikuwa miongoni mwa sehemu chache za kusema. Askofu Henry Okullu, Askofu David Gitari, Mchungaji Timothy Njoya, Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki: hawa walipinga kura ya mlolongo ya 1988 na wizi uliofuata. Askofu Alexander Muge alionywa hadharani na waziri kuwa akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alienda. Alikufa kwenye ajali ya barabarani akirudi, tarehe 14 Agosti 1990.

12/ Julai 1997 polisi waliingia hadi ndani ya All Saints Cathedral, Nairobi, wakawapiga watu waliokusanyika kudai mageuzi ya katiba. Ndiyo maana wazazi wetu wakisikia "kanisa limesema" wanakaa wima. Kwao kanisa lilikuwa mahali palipomwagika damu kwa ajili yao. Kijana aliyezaliwa 2003 hana kumbukumbu hiyo. Ana kumbukumbu nyingine.

13/ Kumbukumbu hiyo nyingine inaanza 2007. Viongozi wengi wa makanisa waliingia uchaguzi ule wakiwa wamegawanyika kikabila, kila mmoja na upande wake. Moto ulipowaka, hakukuwa na sauti iliyobaki safi ya kuuzima. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa na watu ndani yake. Mwezi Februari mwaka huo, Baraza la Makanisa, NCCK, likatoka hadharani na kuomba msamaha kwa kupendelea pande. Ni vyema waliomba. Lakini heshima ni kama kioo.

14/ Halafu 2010. NCCK na maaskofu wa Katoliki waliwaambia waumini wapige kura ya La kwenye katiba mpya, kwa sababu ya mahakama za Kadhi na kipengele cha uavyaji mimba. Tarehe 4 Agosti, karibu asilimia 67 walipiga Ndiyo. Piga hesabu: nchi ya Wakristo zaidi ya asilimia 80. Maana yake mamilioni walitoka kanisani Jumapili, wakampa mchungaji mkono, na Jumatano wakapiga kura kinyume chake. Hawakuacha imani. Waliacha namba 4.

15/ Kwetu Pwani ile kura ilikuwa na ladha yake. Mahakama za Kadhi ziko Pwani tangu enzi za Sultani wa Zanzibar, kabla hata ya Kenya kuitwa Kenya. Jirani Mwislamu kusikia mimbari ikisema mahakama ya mirathi na ndoa zake ni hatari kwa nchi, iliuma. Na Ukristo wenyewe hapa si mgeni wa jana: Krapf alifika Mombasa 1844, na Frere Town hapa jirani ilianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kila siku matatu zinashusha watu Kengeleni, wachache wanajua kengele yenyewe ilikuwa ya kuwaonya watu dhidi ya wateka watumwa. Kanisa lililoanza kama kimbilio, ukiligeuza fimbo ya kumpiga jirani, umepoteza zaidi ya kura.

16/ Sasa pesa. Harambee ya kanisani inafanyaje kazi? Kanisa linataka mabati au basi. Mwanasiasa anaalikwa kama "mgeni wa heshima". Anatoa bahasha, anatangaziwa kiasi, anapewa maikrofoni. Dakika kumi za maikrofoni mbele ya watu waliotulia, wasioweza kumzomea kwa sababu ni ibada: tangazo gani la redio linaweza kushindana na hilo? Na hakuna anayeuliza pesa zimetoka wapi. Kanisa limepata bati, mwanasiasa amepata baraka, mlipa kodi hajui kama ni yeye aliyelipa.

17/ Tuwe waadilifu lakini. Kanisa kubwa lina shule, ardhi, dayosisi. Kanisa dogo la mabati kwenye ploti ya kukodi lina sadaka ya wauza viazi na vibarua wa mjengo. Mchungaji wake akiletewa laki mbili wakati kodi imechelewa, kukataa si rahisi kama unavyoandika hapa ukiwa na bando. Ukitaka kanisa likatae bahasha, uliza pia nani atalipa bili inayobaki.

18/ Wapo waliojaribu kufunga mlango. Septemba 2021, akiwa Butere kumsimika Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Anglikana Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alisema wanasiasa wanakaribishwa ibadani, ila mimbari si yao. Wengi walidhani ni maneno ya siku moja. Kisha ikaja Juni 2024.

19/ Wakati wa maandamano ya mswada wa fedha, vijana walianzisha wito wa "Occupy Church": kuyaendea makanisa yanayopokea pesa za wanasiasa na kuyauliza. Novemba 2024 maaskofu wa Katoliki walitoa taarifa kali wakilaumu uongo serikalini, na siku chache baadaye Jimbo Kuu la Nairobi likakataa na kurudisha mamilioni yaliyotolewa na wanasiasa katika parokia moja. Machi 2025, mchango wa shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu ulileta maandamano hadi nje ya kanisa, na polisi wakatumia vitoa machozi.

20/ Na hapa ndipo tunapotofautiana na Marekani. Mmarekani aliyekasirishwa na kanisa la kisiasa anaondoka kimya kimya. Mkenya aliyekasirika anaenda kanisani na bango. Nyumba uliyoihama huigombanii. Anayedai mimbari iwe safi bado anaihesabu kuwa yake. Kwa hivyo mzee ukimwita huyo kijana "kafiri wa mtandaoni", unamfukuza mtu aliyekuwa akigonga mlango aingie.

21/ Najua kuna anayetaka kuandika "na Shakahola je?" Naam. Aprili 2023, saa chache tu kutoka hapa, ndani ya Kilifi, makaburi yalianza kufukuliwa. Miili ilipita 400, watoto wakiwa wengi, watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu. Baada ya hapo, swali la "serikali isimamie makanisa?" halikuwa tena la darasani.

22/ Lakini angalia vizuri. Mhubiri aliyeshtakiwa alikuwa ameshakamatwa mwaka 2017 kuhusu watoto kuzuiwa shule. Machi 2023 alikamatwa tena kuhusu vifo vya watoto, akaachiliwa kwa dhamana. Kuua, kuwanyima watoto shule na chakula, yote yalikuwa makosa kisheria tayari. Kamati ya Seneti iliyochunguza ililaumu vyombo vya usalama na vya haki. Kwa hivyo kabla hujadai sheria mpya, uliza ile ya zamani ililala wapi.

23/ Wanaotaka usimamizi wana hoja: kanisa husajiliwa kama chama chochote, hesabu zake hazionekani, na mchungaji hana wa kumuuliza. Wanaopinga nao wana hoja: Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa, cha 32 kinalinda uhuru wa kuabudu, na serikali ikishika leseni ya mimbari, nani atakuwa Muge wa kesho? Rwanda ilipitisha sheria 2018 ikidai shahada ya theolojia kwa wahubiri, na maelfu ya makanisa yakafungwa. Kwetu, kanuni zilizopendekezwa 2015 zilizimwa Januari 2016 baada ya makanisa kupinga.

24/ Msimamo wangu, maana mtaniuliza: simamieni pesa na usalama wa watu, msisimamie mafundisho. Hesabu za michango ziwe wazi, mtoto alindwe popote alipo, na anayejua kuwa watu wanafungishwa hadi kufa awe na pa kupiga ripoti ikafuatiliwa. Nani anahubiri nini, waachiwe waumini.

25/ Mjadala ukianza tena, na utaanza Jumapili hii hii, uliza maswali matatu. Huyu anaongelea imani, mahudhurio, viongozi au kura? Takwimu zake ni za Kenya au za kuazima? Na anachodai kitalifanya kanisa liwe huru zaidi, au litabadilisha tu mkono unaolishika?

Uzi ujao: misikiti na siasa za Pwani. Ndiyo, na huko pia bahasha zipo. Tusiwachekee jirani. Maoni karibuni, matusi yabaki kwenu.