Homoni ya Kukua Ikizidi, Sukari Hupanda Katika Damu

Mtoto akikua vizuri wazazi wake humshukuru Mungu, na ni haki yao kushukuru. Walakini kukua nako kuna kipimo chake. Muumba ameweka katika mwili nguvu ya kusukuma na nguvu ya kuzuia, ili mtu akue kwa wakati wake, kisha akome. Nguvu ya kusukuma ikizidi, hasara yake haionekani katika mifupa peke yake: yaingia hata katika damu na kuleta ugonjwa wa sukari. Jambo hilo wengi hawalijui, nalo twataka kulieleza leo.

Tezi ndogo yenye amri kubwa

Chini ya ubongo, nyuma ya pua, iko tezi ndogo kama harage, yenye uzito wa nusu gramu hivi. Waganga huiita pituitari. Tezi hiyo hutoa homoni, yaani wajumbe wanaochukuliwa na damu ili kupeleka amri kwa viungo vingine. Mmoja wao ni homoni ya kukua. Huliamuru ini kutoa homoni nyingine, na hizo mbili pamoja hurefusha mifupa ya mtoto.

Je, mtu akiisha kuwa mzima, kazi yake imekwisha? Sivyo. Fikirini mtu aliyelala usiku, au aliyefunga wakati wa Kwaresima. Tumboni mwake hamna chakula kipya. Hapo homoni ya kukua hufungua akiba ya mafuta, nayo mafuta yakawa kuni za mwili. Hivyo nyama ya mwili haiharibiki, na sukari iliyomo katika damu yabaki kwa ajili ya ubongo.

Tukiisha kula, mjumbe mwingine huja, jina lake insulini, atokaye katika kongosho. Yeye huiingiza sukari katika nyama na mafuta, na huliambia ini liache kutoa sukari yake. Basi, mmoja huweka ghalani, mwingine hutoa. Wakipokezana kwa zamu, nyumba ina amani.

Ghala lisilofungwa

Pengine uvimbe mdogo huota katika pituitari. Kwa kawaida si kansa, lakini hutoa homoni ya kukua mchana na usiku, bila kujali kama mtu ameshiba au ana njaa. Hapo mafuta huyeyuka na kujaa katika damu. Nyama ya mwili, ikiwa imekwisha kupata mafuta ya kuchoma, yaikataa sukari. Ini nalo laendelea kutoa sukari ingawa imekwisha kuzidi. Insulini yaita, wala haisikiwi. Kongosho lajitahidi kutoa insulini zaidi na zaidi, na kwa watu wengine mwishowe lashindwa. Ndipo waonapo kiu kisichokatika na mkojo wa mara kwa mara. Mtu wa namna hii huenda si mnene hata kidogo.

Mtaalamu wa Argentina

Aliyetufungulia siri hiyo hasa ni Bernardo Houssay, aliyezaliwa Buenos Aires mwaka 1887. Ilikuwa yajulikana kwamba mbwa aliyeondolewa kongosho hushikwa na ugonjwa mkali wa sukari. Houssay aliondoa pia pituitari, akaona ugonjwa umepungua sana. Alipowapa wanyama dawa iliyotengenezwa kwa tezi hiyo, sukari ilipanda tena. Mwaka 1937, huko London, Frank Young aliwadunga mbwa wazima dawa ya namna hiyo siku kwa siku, hata baadhi yao wakapata ugonjwa wa sukari usioondoka.

Mwaka 1943 serikali ilimfukuza Houssay katika chuo kikuu, kwa kuwa alitia sahihi tangazo la kudai demokrasia. Hakuacha kazi. Yeye na wenzake walianzisha nyumba yao ya utafiti kwa misaada ya watu wema, na mwaka 1947 akapewa tuzo ya Nobel. Alikuwa pia mmoja wa wataalamu wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi.

Dalili zake

Homoni ikizidi utotoni, mtoto harefuki kwa kiasi. Robert Wadlow wa Marekani alifikia sentimeta 272 kabla ya kufa mwaka 1940, akiwa na miaka 22. Ikizidi ukubwani, mifupa haiwezi kurefuka tena, bali yanenepa. Ugonjwa huo Pierre Marie, mganga wa Paris, aliuita akromegali mwaka 1886. Pete haivuliki, viatu vya zamani havienei, taya latokea mbele, meno yaachana, ulimi wawa mzito. Mgonjwa hutoka jasho jingi, hukoroma, huumwa kichwa. Pengine macho hayaoni vema pembeni.

Mabadiliko hayo huja polepole kwa miaka mingi, na wakaao naye hawayatambui. Afadhali kutazama picha yake ya arusi na kuilinganisha na uso wake wa leo. Walakini wako wanaomcheka, na wako wanaosema ametupiwa uchawi na walozi. Mgonjwa ajificha nyumbani kwa haya, huku sukari na moyo vikiharibika. Wahenga walisema: mficha ugonjwa, kifo humuumbua.

Iko njia

Ugonjwa huu ni wa nadra, na wenye sukari walio wengi wana sababu nyingine. Lakini mtu mwenye sukari, ambaye mikono na uso wake vimekua, na amweleze mganga yote mawili pamoja. Akitibiwa sukari peke yake, chanzo kitabaki. Katika hospitali kubwa mgonjwa hunyweshwa gramu 75 za glukosi, kisha damu yapimwa. Kwa mtu mzima wa afya homoni ya kukua hushuka. Kwa mgonjwa haishuki ipasavyo. Uvimbe huweza kuondolewa kwa njia ya pua, na ziko dawa za kuizuia homoni. Mifupa iliyonenepa hairudi, lakini homoni ikituliwa sukari nayo mara nyingi hushuka.

Ninyi wazazi, msimpeleke mtu wa namna hii kwa mpiga ramli. Mpelekeni kwa mganga mapema. Nanyi wanafunzi, msimcheke mtu kwa sura yake. Kuwatazama wagonjwa ni tendo la huruma, na Yoshua bin Sira atufundisha kumheshimu mganga, kwa maana naye ameumbwa na Mungu.