Ziwa Moja, Madaftari Manne

Dagaa wanaouzwa Sumbawanga hupandishwa kutoka mialo ya Kasanga na Kirando kwenye Ziwa Tanganyika, karibu mita 1,000 chini ya uwanda wa juu wa Ufipa. Wakiadimika sokoni, lawama huwaangukia wavuvi. Lakini huenda chanzo kiko mbali zaidi, kaskazini, upande wa Burundi.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofikia mita 1,470. Maji ya juu ni vuguvugu. Ya chini ni baridi na hayana oksijeni, ila huko ndiko virutubisho vilikolala. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Huku Kasanga, na Mpulungu ng'ambo ya mpaka wa Zambia, maji baridi hupanda na kustawisha vijimea vinavyolisha vidudu wanaoliwa na dagaa. Upepo ukitulia, matabaka hayo huyumba kama maji ya beseni lililotikiswa, na kila mzunguko huchukua wiki tatu hadi nne.

Mpimaji aliyekaa Kasanga tu ataona baridi na kudhani ziwa limepoa, kumbe joto limehamia kaskazini, Bujumbura.

Tatizo ni kwamba ziwa lina wenyewe wanne: Kongo asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Mwaka 1992 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), kwa fedha za Finland, ilianzisha utafiti uliopima ziwa kutoka Bujumbura, Kigoma na Mpulungu kwa pamoja. Mwaka 2003 nchi hizo nne zilitia saini mkataba jijini Dar es Salaam, na baadaye Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikaundwa, makao yake Bujumbura. Mwaka huohuo wa 2003 watafiti walitangaza kwamba ongezeko la joto limepunguza uzalishaji wa ziwa kwa takriban asilimia 20. Wataalamu wa uvuvi wakabisha. Ubishi wa namna hiyo hauamuliwi na kituo kimoja.

Tanzania ilipofunga uvuvi katika upande wake wa ziwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, upande huo ulipumzishwa katika msimu uleule wa upepo. Samaki wakiongezeka baada ya hapo, sifa ni ya mapumziko au ya maji baridi yaliyopanda? Kutenganisha mambo hayo mawili kunahitaji vipimo vya joto na rekodi za mialo za pande zote nne, za tarehe zilezile na kwa kipimo kilekile.