Kiolesura cha Pande Tatu katika Usimamizi wa Mfumo wa Taarifa za Afya: Wilaya za Ngara na Biharamulo

Taarifa za zahanati na vituo vya afya vya Ngara na Biharamulo huanzia katika vitabu vya MTUHA, kisha huingizwa katika DHIS2, programu iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumika Tanzania kitaifa. Msimamizi wa mfumo uliotawanyika hivyo hana budi kufuatilia sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana taswira ya pande tatu huvutia.

Wazo hilo si geni. Mwaka 1999 Dennis Chao, wa Chuo Kikuu cha New Mexico, aliunganisha mchezo wa Doom na usimamizi wa kompyuta: kila programu inayotenda kazi ikawa zimwi, na kuliua kukawa ndiko kuizima. Kasoro ni kwamba mazimwi yaliweza kushambuliana, na programu muhimu zikazimika bila amri ya msimamizi.

Kwa wilaya hizi tatizo ni jingine, tena zito zaidi. Mnara unaorefuka kadiri wagonjwa wanavyoongezeka huuficha mfupi ulio nyuma yake. Aidha, zahanati iliyoandika sifuri na isiyoleta taarifa zote huonekana hazina mnara, ilhali ya kwanza imeeleza hali yake na ya pili haijaeleza. Januari 2025, virusi vya Marburg vilipothibitishwa Biharamulo, tofauti hiyo haikuwa ya kinadharia tu. Taswira ya pande tatu yaweza kufaa kuonesha uhusiano wa seva. Kwa utimilifu wa taarifa, jedwali la kawaida lenye nafasi tupu zilizotiwa rangi lafaa zaidi.