Jimny Imepanda, Stelingi Inadansi

Kanairo saa hii, Jimny ikiinuliwa ndio luku. Wikendi utazipata zikishuka Mai Mahiu na mbogi, mangoto ya matope, zikielekea Suswa. Na hiyo luku inanibamba kinoma, ndio maana naumia nikiona ndai fiti ikiharibiwa na lift imefungwa mbio mbio.

Ngori huanza ukirudi kwa lami. Unapiga Thika Road, unafika 70 hivi, unagonga kashimo, stelingi inaanza kutetemeka hadi mikono inakufa ganzi. Fundi anakuambia nunua stelingi dampa. Buda, hiyo doo iweke kwanza. Dampa inanyamazisha mtetemo tu, ugonjwa unabaki.

Cheki, mbele ya Jimny kuna ekseli moja nzima, tairi hadi tairi. Imeshikwa na mikono miwili inayorudi nyuma hadi kwa chesi, na rodi moja imekatiza kwa upana, inaitwa rodi ya Panhard. Ukiinua bodi inchi 2, ile mikono inainama, inazungusha ekseli, na kasta inapungua. Kasta ndio hurudisha stelingi katikati ukitoka kona. Ikiisha, ndai inatangatanga kwa barabara.

Dawa yake ni bushi za ile mikono zenye shimo halijakaa kati. Hapo ndio wasee huchomeka: zikiwekwa zimegeuka, zinakula hata ile kasta kidogo imebaki. Kama ndai ilizidi kuwa mbaya baada ya hizo bushi, usikimbilie zingine. Zitoe ucheki shimo limeangalia wapi.

Rodi ya Panhard nayo inavuta ekseli upande mmoja, ule rodi imefungwa kwa chesi. Dondosha kamba kutoka kwa fenda, upime hadi rimu, kushoto na kulia. Vipimo vikipishana, tafuta rodi ya kurekebishika urefu.

Lakini kitu inaniuma zaidi ni bolti za bushi kukazwa ndai ikiwa hewani. Bushi ni mpira umebanwa na chuma. Ukikaza ekseli ikining'inia, mpira unashika hiyo angle. Ukishusha ndai, unasokoteka na utapasuka mapema. Tena ndai inakaa juu kuliko springi zenyewe zinavyotaka, msee anashangilia lift mob, kumbe ni bushi zimekataa kushuka. Na upande mmoja unaweza simama juu kuliko mwingine. Legeza bolti zote, weka ndai chini na uzito wake, itikise vizuri, ndio ukaze. Ikiwa bado imeinama, cheki mkia wa springi umeingia kwa kikalio chake.

Kabla itoke gereji, jeki chesi hadi matairi yaning'inie, uzungushe stelingi mwisho huku na huku. Mpira wa breki ukivutika, hakuna story, weka mrefu. Mteremko wa Ngong si mahali pa kujua breki imekatika.

Ikiendelea kudansi, balansi matairi, kisha cheki beringi za kingpini. Alafu beshte yako akae ndani, injini ikinguruma, atikise stelingi kushoto kulia. Wewe lala chini, macho kwa miisho ya ile rodi ya Panhard. Bolti ikicheza ndani ya shimo lake, hata kidogo tu, anza hapo. Dampa itakuja mwisho, kama bado utaihitaji.