Nanga na Maji Kujaa: Kueleza Maingizo ya Saketi za Dijitali kwa Kiswahili

Utangulizi

Katika shule za upili za Kenya, fizikia hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali fundi wa Diani au Msambweni anayerekebisha kidhibiti cha pampu ya maji humweleza mwanagenzi wake kazi hiyo kwa Kiswahili. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilitupa msamiati wa kuanzia. Hata hivyo, istilahi iliyotafsiriwa neno kwa neno yaweza kuificha dhana badala ya kuifichua. Makala haya yanafafanua matatizo mawili ya saketi za dijitali, yaani ingizo lisilounganishwa na ingizo linalobadilika polepole, na kuonyesha jinsi lugha ya bahari inavyoyaeleza.

Ingizo lisilo na nanga

Saketi ya dijitali hutambua hali mbili tu, 0 na 1. Katika saketi nyingi za aina ya CMOS zinazotumia volti 5, volti isiyozidi 1.5 husomwa kuwa 0, na volti kuanzia 3.5 kwenda juu husomwa kuwa 1. Kati ya viwango hivyo hakuna uhakika. Wanaoanza hudhani kwamba ingizo lisilounganishwa na chochote ni 0. Dhana hiyo si sahihi. Ingizo la CMOS hupitisha mkondo mdogo mno, hivyo chaji kidogo kutoka waya wa jirani, au kidole kilichokaribia, hutosha kulisukuma huku na huko.

Waingereza huliita ingizo hili kwa neno lenye maana ya kuelea, nasi hushawishika kusema "ingizo linaloelea". Tafsiri hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, jambo likimwelea mtu katika Kiswahili huwa limemdhihirikia, ilhali ingizo hili ni la utata mtupu. Pili, ngalawa iliyotia nanga Diani nayo inaelea. Iliyo hatarini ni ile isiyo na nanga. Kwa hiyo ninapendekeza "ingizo lisilo na nanga".

Istilahi hii hubeba na tiba yake. Rezista ya kiloomu 10 huwekwa kati ya ingizo na volti 5. Swichi isipobonyezwa, rezista hulishikilia ingizo kwenye 1. Swichi inayoelekea upande wa volti 0 ikibonyezwa, ingizo huwa 0, na rezista hupitisha miliampea 0.5 tu. Waya mtupu mahali pa rezista ungeleta shoti. Vivyo hivyo, nanga hukishika chombo, lakini nahodha akitaka kuondoka huing'oa.

Ingizo la polepole

Tuchukulie tangi lenye kihisi kinachotoa volti 0 likiwa tupu na volti 5 likijaa. Likijaa kwa mwendo mmoja kwa saa mbili, volti itakaa dakika 48 kati ya 1.5 na 3.5. Malango ya kawaida ya familia ya 74HC, yanapotumia volti 4.5, hutaka ingizo libadilike kwa muda usiozidi nanosekunde 500. Likichelewa, transista za juu na za chini hupitisha mkondo kwa pamoja, na kelele ndogo ya umeme huligeuza tokeo mara 0, mara 1. Relei hugongagonga, mota ya pampu huwaka na kuzima mfululizo, na mwishowe yaweza kuungua.

Mvuvi hafanyi kosa hilo. Wimbi moja likirudi nyuma, hasemi kwamba maji yameanza kupwa. Maji yakiwa nusu ya ufuo, atasema "yanajaa" au "yanapwa" kulingana na yalikotoka. Kina ni kilekile, lakini jina hutofautiana kwa kuwa historia ya maji huzingatiwa.

Kanuni iyo hiyo ndiyo ya lango la Schmitt. Mmarekani Otto Schmitt aliibuni saketi yake mwaka 1934, akiwa mwanafunzi wa shahada ya juu aliyechunguza neva za ngisi, na akaichapisha mwaka 1938. Lango hili lina vizingiti viwili, tuseme volti 3 wakati wa kupanda na volti 2 wakati wa kushuka. Likishageuka, kelele isiyofikia volti 1 haiwezi kulirudisha. Saketi unganifu ya 74HC14 ina malango sita ya aina hii. Jina "lango la kujaa na kupwa" lingemfaa mwanagenzi wa Kwale.

Hitimisho

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Istilahi nazo huundwa, na mbao zake tunazo. Tunapokusanya msamiati wa mabaharia wa Kivumba na Chifundi, aghalabu tunauhifadhi chini ya fasihi simulizi na isimu ya lahaja. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Hivyo basi, inafaa msamiati huo ufikishwe pia kwa wanaoandika vitabu vya ufundi, ili mwanagenzi asiunguze mota kwa sababu ya neno lisilomwelea.